Zabibu Zilizoning'inia Kwenda Juu

Mwanangu, wewe uliyemaliza shahada juzi na sasa hutaki kuulizwa swali, kaa hapa nikusimulie asubuhi moja ya mwaka ule nilipokuwa naandika tasnifu yangu hapa Johannesburg.

Nilikuwa nachunguza mlango wa mawe wa kanisa dogo la kale, kijijini, kaskazini mwa Uingereza. Nilikaa kule wiki tatu kwenye baridi, nikipima na kupiga picha. Miimo yake miwili, yaani mawe ya kando kando ya mlango, imechongwa mzabibu unaopanda, na ndege wakidonoa matunda. Kazi yangu ilikuwa kusema mlango ule una umri gani. Nikalinganisha majani na ndege wale na michongo mingine ambayo umri wake unajulikana, nikaamua: karne ya nane, mlango na kanisa lote. Msimamizi wangu alifurahi, akanipangia siku ya kuwasilisha mbele ya wageni.

Siku nne kabla, kanisa letu la mtaa wa Malvern, hapa hapa Johannesburg, lilinituma mtaa wa Doornfontein kuangalia jiwe la msingi tuliloagiza kwa Mzee Salehe, mtu wa Tanga aliyechonga mawe ya makaburi. Nilikuwa nimetoka kuchapisha picha zangu kubwa kubwa, nikaziweka mezani kwake nikimwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Akajifuta vumbi mikononi, akaziinamia kwa muda mrefu. "Kwa nini zabibu hizi zinaning'inia kwenda juu?"

Nikacheka kidogo. Nikamweleza kwamba zabibu hizo, pamoja na ndege aliye kando yake kichwa chini miguu juu, ni ishara ya roho iliyoanguka. Nilikuwa nimeandika kurasa sita juu yake!

"Na shina hili mbona limekatika hapa jiwe linapokutana na jingine? Fundi wa namna hii hakosei hapa. Jiwe limegeuzwa, likapunguzwa ukingo ili likae. Mlango huu umejengwa na watu wengine, kwa mawe waliyoyakuta."

"Mzee, mambo haya yana wasomi wake," nikamwambia. Naona haya mpaka leo.

Hakukasirika. "Basi soma, binti. Picha ni zako."

Nikaondoka nimenuna. Robot ya Jules Street, yaani taa ya barabarani, iliponisimamisha, nikaigeuza ile picha juu chini kwenye usukani. Zabibu zikaning'inia sawasawa. Ndege akasimama kwa miguu yake. Taa ikawa kijani, magari yakapiga honi nyuma, mimi sikuondoka.

"Unajua unafuta kazi ya mwaka mzima?" msimamizi wangu aliniuliza nilipomweleza. Nilijua. Lakini siku ilipofika nilisema wazi kwamba nilikosea: michongo ni ya karne ya nane, mlango wenyewe ni wa baadaye sana. Kisha nikamtaja aliyenionyesha, Mzee Salehe, ambaye nilikuwa nimemwalika, naye alikuwa amekaa mbele na kanzu na koti lake. Wakamwomba aseme neno.

"Waliojenga mlango ule walikuta kazi nzuri imeanguka," alisema, "wakaona aibu kuitupa."

Mwaka uliofuata, mafundi waliokuwa wakikarabati kanisa lile walichomoa jiwe moja lililolegea. Mgongoni mwake, upande uliofichwa ndani ya ukuta, mzabibu ulikuwa unaendelea, mahali ambapo fundi wa mlango asingechonga kitu. Nilipoletewa picha nilikimbia nayo Doornfontein. Mzee Salehe aliitazama, akacheka mpaka akakaa chini.

Alirudi Tanga, akafia huko. Sikuwahi kumzika. Lakini kila darasa ninalofundisha natoa shukrani kwake, maana bila swali lake ningezitetea kurasa zile sita maisha yangu yote.

Basi sikia, mwanangu. Mtu akikuuliza jambo kuhusu kazi yako, litazame swali kabla hujamtazama muulizaji. Ukigundua umekosea, sema kwa kinywa chako mwenyewe, usingoje kusemewa. Na aliyekurekebisha mtaje kwa jina, watu wakiwa wanasikia.

Mungu akujalie macho makali na moyo laini. Akukutanishe mapema na mtu wa kukukosoa, nawe umshukuru angali hai.