Betri Yenye Pengo Langu

Wacha niwaambie mwenyewe leo, kwa sababu hapa Subukia kila mtu anaisimulia hadithi yangu vile anataka, na wengine wanaongeza chumvi hadi wanasema nilitoroka kanisani kwa dirisha (uongo, nilitokea mlangoni, tena ule mkubwa), lakini ile sehemu inaniaibisha kabisa huwa hawaigusi, nadhani wananihurumia.

Mimi ndiye mtu wa maiki kanisani kwetu. Siku ya harusi ya dada yangu Wambui nilikuwa na chaja mpya, zile smart, kila betri inakaa kwa shimo lake na inaangaliwa peke yake. Yule boss aliyeniuzia Nakuru mjini aliniambia polepole kama mwalimu wa nasari: "Unaweza kuchanganya za kampuni tofauti, haina shida, bora zote ziwe za kuchajiwa na zisiwe zimeharibika. Ikikataa moja, usibishane nayo." Mimi nilisikia hapo kwa kampuni tofauti tu, hayo mengine yakapita.

Basi asubuhi, kuchaji betri za akiba za maiki, nikaweka tatu za kijani za kanisa, na kwa shimo la nne nikaweka moja ya bluu, kuukuu, ya tochi yangu ya nyumbani (nani angejua?). Chaja ikaiangalia, ikawasha taa nyekundu, ikaikataa. Sasa mimi nimelelewa na redio ya baba, na kwetu betri zikiisha tulikuwa tunaziuma na meno kisha tunazianika juani, na redio inaongea tena hadi jioni. Nikaiuma. Nikaiuma vizuri, huku na huku, nikaianika dirishani, nikairudisha, na ikakubali! Nikajiona fundi.

Chaja ilikuwa kwa kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu, juu ya meza, na chini ya meza kulikuwa na mtungi wa petroli ya jenereta, kwa sababu huko ndiko tulikuwa tunarundika kila kitu. Na kwa benchi kando ya meza ndipo nilipomlaza binti yangu Njeri, miaka minne, aliyekuwa amebeba maua mbele ya bibi harusi, akashikwa na usingizi katikati ya mahubiri. Nikamfunika na koti yangu, nikarudi kazini.

Pasta alikuwa anamuuliza Wambui kama anamkubali huyu mwanaume, kanisa kimya, nikasikia piii, piii, piii kutoka huko nyuma. Nikafungua mlango kidogo. Taa nyekundu inawaka ikizima, harufu ya plastiki iliyoshika moto, na mtungi hapo chini. Jamani, niliogopa. Sijui kama umewahi kuogopa hadi zile video zote za betri za simu kulipuka zinakupita mbele ya macho moja baada ya nyingine. Nikainua maiki niliyokuwa nayo mkononi (hiyo siku ilisikika kuliko siku zote) nikapiga nduru: "Tokeni! Kuna petroli! Inalipuka! Tokeni!"

Watu wakatoka. Shosho mmoja, bibi kizee ambaye huletwa kanisani na watu wawili alinipita kwa ngazi. Na mimi nikatoka nao, nikakimbia hadi ndani ya mahindi ya jirani, nikasimama huko nikihema kama ng'ombe. Ndipo nikaangalia mikono yangu. Maiki. Maiki peke yake.

"Njeri!" Sauti yangu ikatoka kwa spika zote.

Nikarudi mbio, nikimwahidi Mungu mambo mengi, na kabla sijafika mlangoni nikamwona Wambui anatoka, gauni jeupe limeinuliwa hadi magotini, mtoto yuko begani bado amelala, na chaja inaning'inia kwa waya kwa ule mkono mwingine.

"Hakuna kitu imelipuka," akasema, na hakuniangalia. "Imeona betri mbovu inashika moto ikajizima. Ilikuwa inapiga kelele tu itolewe."

Pasta akaichukua ile ya bluu, akaigeuza. "Ni nani ameuma hii kitu?"

Mimi nina pengo hapa mbele, meno mawili, na pengo lenyewe lilikuwa limechorwa hapo kwa betri wazi kabisa. Mzee mmoja aliangalia betri, akaangalia mdomo wangu, akaanza kucheka, na kicheko kikasambaa hadi barabarani. Harusi ilimaliziwa hapo nje kwa nyasi, Wambui akasema ndiyo akiwa bado amembeba Njeri. Alikataa kunipa.

Nilicheka na wao, ningefanya nini? Lakini wakati wa chakula Njeri akaniuliza, mdomo umejaa pilau: "Baba, uliambia watu wote watoke. Mbona mimi hukuniamsha?"

Nikamwongezea nyama.

Siumi betri tena, hata redio izime katikati ya habari. Chaja ikikataa moja naitoa bila mdomo, na petroli tuliijengea kibanda chake mbali. Lakini hadi leo nikichomeka ile chaja, Njeri huacha chochote anachofanya, anakuja anashika shati yangu kwa nyuma, anaikamata kwa ngumi, na haiachi mpaka taa iwe ya kijani.