Tone Lililochotwa Baridi

Fundi waliyemwita Tone alikuwa na sharti moja: oili haichotwi injini ikiwa baridi. Ingurume kwanza, ipate moto, kilicholala chini kiamke kichanganyike. Hapo ndipo alipochomoa kijiti cha kupimia, akadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na kuliacha lisambae.

Alipenda kulitazama likisambaa. Weusi katikati, hudhurungi ikiuzunguka, kisha ukingo mwembamba wa njano, kama mwezi uliojifunika ukungu. Karatasi zilining'inia kwenye uzi dirishani mwa gereji, na jua la asubuhi lilipozipenya, sakafu nzima ilijaa miezi. Mkewe alizoea kumtania, "Mwenzangu, hata chai unaikodolea macho kabla hujainywa."

Lakini huo haukuwa mchezo: ukingo ndio uliomwambia kama oili bado ni nzima. Zamani oili ya kila lori ilimwagwa tarehe ikifika, iwe imechoka au bado. Tajiri, mwenye malori, alikubali imwagwe pale tu Tone atakaposema imechoka, na gharama zikashuka. Tangu hapo malori yalitembea kwa neno lake, na neno hilo ndilo lililokuwa heshima yake yote.

Jumatatu moja shemeji yake, kaka wa mkewe na dereva wa Tajiri, alikuja kuchukua lori lililolala tangu Ijumaa.

"Shem, chota twende."

"Liwashe kwanza."

"Likipata moto nitakuwa wa mwisho kwenye foleni ya kupakia. Wewe endelea kuota na karatasi zako, wenzio tuna safari."

"Injini haina shemeji," alisema Tone, lakini mkono ulikuwa umeshafika kwenye kijiti.

"Hii inaye. Ndiye mimi. Chota."

Akacheka, akachota. Tone likasambaa taratibu, ukingo safi, duara zuri kuliko yote ya wiki ile. Alilitazama kama mtu aliye usingizini, akasahau alivyolipata.

"Nenda," alisema.

Kumbe maji ya rejeta yalikuwa yakivujia ndani ya injini, nayo yalikuwa yametulia chini kabisa, kijiti kisikofika. Barabarani yakachanganyika na oili. Lori lilirudi likivutwa, injini imenoki, na walipoifungulia, oili ilitoka kama chai ya maziwa.

Tajiri alimgeukia dereva. "Uliliendeshaje?"

"Niulize mimi," alisema Tone. "Nilichota baridi."

"Wewe? Na sharti lako?"

"Nilimwonea haya shemeji."

Haya ya namna hiyo si upole. Ni uzembe, hata kama anayeufanya ana roho nzuri. Tajiri hakugomba, alikwenda dirishani akaufungua uzi, na karatasi zikashuka moja moja, polepole, mpaka sakafuni.

Sasa oili humwagwa tena tarehe ikifika, na Tone anaziba matairi. Injini moja iliharibika, na hakuna anayengoja neno lake.