Mbwa Aliyembwekea Mzee wa Kanisa

Nyumbani kwetu Ruiri mbwa aliweza kusamehewa mambo mengi: kuiba yai, kulala juu ya mahindi yaliyoanikwa, hata kumfukuza mhubiri mgeni hadi barabarani. Lakini hakuna sheria, ya serikali wala ya kanisa, iliyomruhusu kumbwekea mwenye boma. Kwa hiyo Jumapili ile, Baba alipofika langoni akitoka ibadani, suti imenyooka na Biblia kwapani, na mbwa wetu wa miaka kumi na minne akamzuia huku manyoya ya shingo yamesimama, sote tulijua kwamba jambo zito limetokea.

"Unanibwekea mimi?" Baba alimuuliza. "Mimi ninayekulisha?"

Huo haukuwa ukweli. Aliyemlisha ni Mama. Lakini Baba alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu mkuu mstaafu, na vyeo vyote viwili vilikuwa vimemzoesha kuzungumza bila kukatizwa. Mbwa alimkatiza mara sita.

Nilikuwa nimerudi miezi miwili kabla ya hapo na cheti cha afya ya mifugo kutoka chuo kimoja cha Embu, pamoja na imani kubwa kwamba ujinga wa wanadamu kuhusu wanyama ungekwisha iwapo tu angetokea mtu wa kuwaeleza vizuri. Chuoni tulifundishwa ng'ombe wa maziwa kwa miaka miwili na mbwa kwa alasiri moja. Hata hivyo nilichukua daftari, nikaanza kumchunguza mgonjwa.

Alilala mchana kutwa. Aliingia kati ya tangi la maji na ukuta, kisha, badala ya kurudi nyuma, akasimama pale akingoja ukuta uondoke. Akimaliza kula aliikodolea sufuria macho kama mtu aliyenyimwa. Yeye aliyewahi kuwarudisha mbuzi ishirini peke yake, sasa alirudishwa na mbuzi. Na kila siku jua likianza kuteremka alikwenda kusimama mbele ya ua wa michongoma upande wa mashariki, mahali pasipo na lango, akanusa, akangoja.

Kichaa cha mbwa nilikiondoa kwanza: alikuwa amechanjwa, alikunywa maji vizuri, hakumng'ata mtu, na mambo hayo yalikuwa yameanza taratibu, tangu kabla ya mvua. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini yalifuata kipande cha pamba nilichokidondosha. Masikio yalisikia mfuniko wa sufuria kutoka mbali. Kilichobaki ni akili. Nilimweleza Baba kwamba ubongo wa mbwa huchakaa kwa uzee kama wa mtu, naye husahau njia, saa na watu.

"Babu yako alisahau watu," Baba akasema. "Hakumsumbua mtu."

"Alimrushia mchungaji kikombe," Mama akasema kutoka jikoni.

"Kikombe chenyewe kilikuwa kitupu."

Baba hakuamini uchawi. Alihubiri dhidi yake. Alichoamini ni kwamba katika mambo fulani kuna mkono wa mtu, na kwa miaka mitano mfululizo mtu huyo alikuwa yule yule: mdogo wake, baba yangu mdogo, aliyeishi ng'ambo ya michongoma. Walikuwa wamegawana shamba la babu. Mpimaji alipoweka vigingi, lango la zamani liliangukia kwa baba mdogo. Baba akapanda ua, akafungua lango jipya upande wa magharibi, na tangu hapo ndugu hao wakawa wanaombeana kanisani bila kusalimiana.

"Huyu mbwa ameonekana kwake," Baba alisema. "Amewekewa kitu kwenye chakula. Anafundishwa kunichukia."

"Kwa faida gani, Baba?"

"Daktari," akasema. Aliniita hivyo alipotaka nijue kwamba si daktari. "Wewe umesomea ng'ombe. Watu ninawajua mimi."

Kisha akatangaza kwamba Jumamosi angekuja mtu wa sokoni mwenye sumu ya mbwa. Hilo alilisema kwa Kiswahili. Nyumbani tuliongea Kimeru; Kiswahili cha Baba kilikuwa cha darasani, cha kutolea adhabu. Niliona, na bado naona, kwamba ni uovu kumuua kiumbe kwa kosa la kuzeeka, hasa ikiwa hakimu mwenyewe ana miaka sitini na sita. Nilimwomba muda. Akanipa hadi hiyo Jumamosi, kama anayempa mwanafunzi nafasi ya mwisho ya kuleta kazi.

Niliziba mwanya wa tangi kwa jiwe. Nilimwomba Mama asihamishe bakuli la maji, ampe chakula kidogo kidogo mara tatu, na amwache alale jikoni karibu na mafiga.

"Mbwa? Ndani? Watu watasema tumekuwa Wazungu."

"Ni jikoni tu, Mama."

Siku ya pili nilikuta amemtandikia gunia. Akasema lilikuwa la kutupwa.

Alhamisi nilimfuata mbwa. Alifika kwenye michongoma, akangoja, akakata tamaa, akapenya chini kwa tumbo. Upande wa pili alinyoosha moja kwa moja katikati ya maharagwe ya baba mdogo, kama anayefuata njia, ingawa njia haikuwepo. Alipofika nyuma ya kibanda cha ng'ombe aliketi, akaielekea barabara. Baba mdogo alitokea na ndoo.

"Huyu huja kila siku, saa kumi," akaniambia. "Nilidhani Mwalimu anamtuma kuwachunguza ng'ombe wangu."

"Na mnampa chakula?"

"Tunampa. Hata shushushu hula."

Nilitazama alikotazama mbwa. Pale kilipo kibanda ndipo lilipokuwa lango letu. Kwa miaka yote ya kazi, saa kumi, Baba alipanda mteremko ule akisukuma baiskeli kutoka shuleni, na mbwa alimngoja pale pale. Kumbe hakuwa amemkataa bwana wake. Alikuwa akimngojea aje, na Jumapili ile mzee mmoja asiyejulikana alijitokeza upande usio wake akidai boma ni lake.

Nilimweleza Baba. Alikwenda kuchungulia stoo, akarudi na kusema, "Baiskeli yenyewe haina upepo."

Jumamosi saa kumi kasorobo aliishusha kutoka stoo. Alitoka kwa lango jipya, akazunguka barabarani, akaupanda mteremko akiisukuma, magurudumu yamelala. Mimi na mbwa tulikuwa tumeshafika. Baba mdogo alisimama mlangoni pa kibanda.

"Mwalimu," akasema. "Umepotea?"

"Napita."

"Pita pembeni. Usikanyage maharagwe."

"Maharagwe gani haya, majani yote yameliwa na ugonjwa wa kutu? Ulipanda mbegu ya wapi?"

Mbwa alinyanyuka. Mkia ulianza polepole, kisha ukautikisa mgongo mzima. Alinusa gurudumu, akanusa pedali, akalamba kiti cha ngozi kuanzia mbele hadi nyuma. Baba mwenyewe, mbwa hakumtazama hata kidogo. Kisha akatangulia mbele ya baiskeli, kichwa juu, mpaka kwenye michongoma, na hapo akasimama kungoja afunguliwe.

Baba akasimama pia. Baiskeli isingeweza kupenya kwa tumbo.

"Nani alipanda takataka hii?" baba mdogo akauliza.

"Unajua ni nani."

Baba mdogo alikwenda kuchukua panga. Walikata kwa zamu, wakigombana tu kuhusu upana. Wakati huo mwenye sumu alikuwa amefika lango jipya. Mama alimpa chai, akamwambia mgonjwa amekwenda matembezini.

Mbwa aliendelea kusahau. Alisahau amekula, akala kwa ndugu wote wawili bila upendeleo. Jumapili iliyofuata Baba alirudi kutoka ibadani kupitia lango jipya, suti imenyooka, akabwekewa hadi mlangoni. Jumapili ya pili alikwenda kanisani akisukuma baiskeli isiyo na upepo, akaiegemeza ukutani kando ya magari ya wazee wenzake. Walipomuuliza, aliwaambia ni ushauri wa daktari.