Maiki ya Kumrekodi Mama

Muuza duka aliweka maiki mbili juu ya kaunta. Moja, alisema, ni ya waimbaji na wahubiri, haisikii mpaka uisogeze mdomoni. Nyingine inasikia kila kitu. "Dada, hii itakuletea mpaka kuku wa jirani," akanionya. Nilimjibu kwa dharau kwamba narekodi podikasti nyumbani kwangu Kisongo mwaka wa pili sasa, sihitaji kufundishwa. Nikachukua hiyo hiyo.

Sababu ilikuwa mama. Alikuwa na uvimbe kooni, na daktari alishatuambia wakiutoa, sauti itaondoka nao. Operesheni ilikuwa Jumatatu. Sauti yake ilishakuwa nyembamba, nikaona maiki ya kubanwa mdomoni itamchosha. Nilitaka kitu kimoja tu: anisimulie habari za baba, aliyefariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Miaka yote nilipomuuliza alisema, "Subiri ukue." Nimekua, nina watoto wawili.

Jumamosi asubuhi nikapanda Akheri, nyumbani kwa mama. Kujaribu maiki sebuleni, loo! Makochi yalilia, vyombo vya kabati vikagongana. Nikafanya ninavyofanya kwangu. Nikatoa makochi, meza na kabati uani, nikatandaza magodoro sakafuni, nikaziba madirisha kwa mablanketi, nikamkalisha mama chini. Kompyuta nikaiweka chumbani ili feni yake isisikike.

"Mwanangu, utaeleweka vibaya," mama alisema.

"Mama, hii kazi naijua."

Sikujua lolote. Makochi nje, magodoro chini, na ndani kuna mgonjwa: Akheri nzima inajua maana yake.

Mama ndiyo kwanza alikuwa ametamka, "Baba yako alikuja kwetu..." mlango ukafunguliwa. Jirani wa shamba la chini aliingia akilia kwa sauti, khanga kiunoni, nyuma yake wanawake watano wa jumuiya. Walipomwona waliyemlilia amekaa anawatazama, mmoja alianguka. Mama akacheka. "Karibuni, karibuni," akawaambia, "bado nipo."

Mimi sikucheka. Niliwafokea kwamba wameniharibia kazi, wanawake wa umri wa mama yangu, tena hata shikamoo sikuwapa. Nikaingia chumbani, nikachomoa waya wa maiki kwenye kompyuta, nikatokea mlango wa nyuma kwenda kununa migombani.

Niliporudi walikuwa wanajifuta machozi, mengine ya kicheko. Mama alikaa katikati yao, maiki imesimama mbele yake vile vile. Alikuwa amewasimulia habari za baba, mwanzo mpaka mwisho. Sauti ilibaki mnong'ono.

"Nimechoka, mwanangu," alisema. "Lakini nimemaliza yote."

Nilishindwa kumwambia kwamba mashine haikurekodi hata neno. Jumapili hakuweza kutamka kitu.

Tangu operesheni nimepita kwa wale wanawake, nyumba kwa nyumba, kuomba radhi na kuuliza. Mmoja anasema baba alikuja kuposa na mbuzi wa kuazima, mwingine anasema alikuja mikono mitupu, akafukuzwa mara mbili. Kila mmoja ananisimulia kwa sauti yake, nami nawaonea wivu, nasema kweli, hata yule aliyeanguka.

Wiki iliyopita mama aliandika kwenye daftari lake: Washa, nijisikie.

Nilimwambia mashine nimeiacha Kisongo. Aliitikia kwa kichwa, akaandika tena, polepole: Itunze vizuri. Niliyasema kwa ajili yako.