Kopo la Treni

Baiolojia ilinishinda mara mbili. Mara ya tatu nilijiandikisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikajiapiza kwamba nikianguka tena, chuo cha uuguzi nakisahau, nashika jembe.

Mwalimu mmoja wa tuisheni kule Mikumi aliniambia kosa langu: nasoma kitu mara kumi kwa siku moja, kisha nakitupa. "Kiache kidogo, dada. Kikianza kukutoka, kirudie. Ukikipata, kiache muda mrefu zaidi." Basi nikakata kadi kwenye maboksi ya sabuni, swali mbele, jibu nyuma, nikatafuta makopo matatu.

Sasa kwetu Munisagara nani anahesabu tarehe? Kopo la kwanza lilikuwa la kila asubuhi. La pili nililikabidhi treni ya abiria, iliyokuwa ikipita siku chache tu kwa wiki: nikisikia honi, nafungua. La tatu lilikuwa la mnada wa kila mwezi. Kadi niliyoijibu ilisogea kopo la mbele, niliyoikosa ilirudi kwenye la asubuhi. Nilisoma kwa sauti jikoni huku mama akipukuchua mahindi, mama ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Nilijiona mjanja kweli.

Kisha mvua za vuli ziliwahi, maji yakala tuta la reli, treni zikasimama. Hapo ndipo nilipofanya ujinga unaonitia haya mpaka leo. Wiki tano nzima sikugusa kopo la pili, kwa sababu honi haikulia. Sikuamua kuliacha. Nilikuwa nasubiri siku yake ifike.

Nilishtuka ikiwa imebaki wiki moja kabla ya mtihani, nilipokuwa nafuta kabati la vyombo. Kopo lilikuwa na vumbi. Kadi ya juu iliuliza sehemu tatu za figo, kuanzia nje. Kichwani hamna kitu. Ya pili, hivyo hivyo. Nikalipindua kopo kutafuta hata moja ninayoijua, kadi zote zikamwagika sakafuni.

"Korteksi," mama alisema nyuma yangu, bila kuacha mahindi yake. "Medula. Pelvisi."

"Mama! Umejuaje?"

"Si wewe ulikuwa unaziimba treni ikipita? Ilipoacha kupita nikawa naziimba mwenyewe. Niliogopa zitanipotea." Akasita. "Mwanangu, nilidhani wewe unazo."

Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani. Wiki ile mama akawa ndiye treni. Nikiwa naosha vyombo, nikiwa msalani, anapaza sauti, "Figo!" nami lazima nijibu. Nilikuwa naruka kwa woga kila akikohoa.

Kilosa mjini, kwenye chumba cha mtihani, maswali mengine yalinigomea kabisa. Figo ilikuwa ukurasa wa tatu. Niliandika nikisikia punje za mahindi zikidondoka kwenye ungo.

Nilipotoka nilimkuta mama getini. Alikuwa amekuja kwa bodaboda bila kuniambia, miguu imejaa matope.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Mama yangu, ambaye salamu kwake haina mchezo.

"Figo wameuliza?"

"Wameuliza, mama. Nimeandika zote tatu."

Akaketi palepale kwenye tope na kitenge chake kipya, akajifuta macho.

"Marahaba," akasema.