Vikwembe Viwili Ng'ambo ya Lualaba

Miaka ya vita sisi tulikaa Kasuku, mtaa wa Kindu, na shamba letu la mihogo lilikuwa ng'ambo ya mto Lualaba. Shangazi aliyebaki kule alitupa habari kwa vikwembe viwili, vitambaa vya kujifunga, kimoja kila mwisho wa kamba ndefu. Vyeupe viwili: njooni. Vyekundu viwili: kaeni. Chekundu na cheupe: njia ya juu ina askari, vukieni chini.

Taabu ni kwamba alibadilisha kimoja, akatembea, ndipo akabadilisha kingine. Ukimtazama katikati, ulisoma habari ambayo hakuituma. Jirani zetu walivukia chini wakati shangazi anatuma "kaeni". Walirudi wakiogelea, bila mtumbwi.

Mama akaweka sheria. "Angalia, funga macho, angalia tena. Kama njo ile ile, tunaenda. Na usinijibu na ile iko kwa kichwa yako. Angalia ng'ambo!" Kwetu "njo" ni "ndiyo".

Leo ninaandika programu za vifaa vidogo. Kengele niliyofunga kwenye friji ya chanjo ya zahanati moja hapa Kindu ililia ovyo. Muuguzi alikimbia, akakuta baridi safi. "Ikilia bure tena, nitakata waya," akasema. Nilichukia, maana alisema kweli. Kengele ingekatwa na friji ingekufa, watoto wangechomwa dawa iliyoharibika.

Nikaichimba programu. Sehemu moja inaandika joto kwenye kumbukumbu kwa vipande viwili, kimoja baada ya kingine. Nyingine inasoma wakati wowote. Nusu mpya, nusu ya zamani: joto ambalo halijawahi kuwepo. Shangazi huyo! Nikacheka peke yangu. Nikaandika: soma, soma tena, namba zikilingana amini.

Ikalia bure vilevile. Kompaila, inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine, iliona kusoma mara mbili ni upuuzi, ikarudia jibu la kwanza bila kutazama. Mvivu mkubwa! Nikaiamuru iende kwenye kumbukumbu yenyewe kila mara.

Kengele ikanyamaza majuma mengi. Halafu adhuhuri moja ikalia. Muuguzi alikuja na mkasi mkononi, akafungua friji kwanza: mota imekufa, baridi inaanza kutoka. Chanjo zote zikapanda pikipiki hadi friji nyingine, hakuna hata moja iliyoharibika.

Nilikimbia nyumbani kumwambia mama. Akasikiliza, akafumba macho.

"Sema tena."

Nikasema tena, neno kwa neno.

"Njo ile ile," akasema, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.