Garasa Namba Moja

Sisi tuliokulia Gazi kabla simu haijaajiriwa kuwa yaya wa watoto tulikuwa na mkeka, mahamri yaliyobaki asubuhi na karata zilizochakaa hadi shupaza na pau ukizitofautisha kwa imani. Leo mtandao ukikatika nusu saa, nyumba nzima inakaa matanga. Sisi likizo ikifika tulitandika mkeka barazani na dunia ikatosha. Bibi alituambia kila siku, "Karata hazijamfikisha mtu peponi," kisha akasogeza kigoda chake aone vizuri nani ameshika ree.

Mjomba Bakari alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani. Siku moja alituletea karata zilizoachwa na wageni wa Kifaransa. Zilikuwa nyingi kupita kiasi. Mbali na kopa, uru na jamaa zao, kulikuwa na nyingine ishirini na moja zenye namba na picha za watu waliovaa kofia, na moja ya ziada isiyo na namba, yenye mtu ameshika gambusi. Mjomba, ambaye Kifaransa chake chote kilikuwa "bonjuu" na jina la taulo, alitufundisha kama aliyezaliwa Paris. Zenye namba zote ni turufu, alisema, zinakata karata yoyote. Hapo, kwa bahati ya Mungu, alipatia. Ya ishirini na moja tukaiita Sultani. Mpiga gambusi tulimtupa sandukuni, kwa kuwa hatukujua kazi ya kumpa. Namba moja Mjomba aliigeuza mara mbili, akatoa hukumu: "Hii ni garasa la magarasa."

Tukatunga sheria. Atakayegawiwa namba moja ainuke mkekani, achukue ndoo aende kisimani, na mchezo uendelee bila yeye. Tulikuwa wanne: mimi, ndugu zangu wawili wa kiume, na Mwanasha, mdogo wetu na msichana pekee. Mgawaji nilikuwa mimi, na namba moja nilikuwa nimeikunja kona kidogo, kwa ajili ya haki. Likizo nzima Mwanasha alikwenda kisimani. Alirudi kanga imelowa mabegani, akaketi, akagawiwa, akainuka tena. Mama alimsifu kwa majirani kwamba mtoto huyu ana bidii, nasi tukaitikia kwa unyenyekevu mkubwa.

Sasa mimi ni mhudumu katika mkahawa wa hoteli huko huko Diani. Mwaka jana walikuja wageni wanne wazee, Wafaransa, wakacheza karata zile zile mchana kutwa. Bibi mmoja alificha namba moja hadi mwisho, akaiweka mezani, na wenzake wakashika vichwa. Niliuliza kulikoni. Akanieleza polepole kwamba turufu za heshima ni tatu tu: ya ishirini na moja, yule wa gambusi, na hii namba moja, ambayo kwao huitwa Mdogo. Kila turufu nyingine inaila, akasema, ndiyo maana mwenye nayo huilinda.

Nilimwaga chai kwenye kitambaa cha meza.

Jumapili yake nilikwenda Kikoneni, alikoolewa Mwanasha. Nilimkuta akipukuchua mahindi. "Shikamoo kaka," akasema, akanipa kigoda. Nilimweleza habari za Mdogo na heshima yake. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimesafiri na nauli imeshatoka, nikamwambia na habari ya kona.

Hakuacha kupukuchua. "Kona niliijua tangu siku ya pili, kaka."

"Na hukusema?"

"Ningesema mngenifukuza mkekani. Ningecheza na nani?"

Niliona aibu, nami si mtu wa kuona aibu ovyo.

Watoto wangu hucheza karata kwenye simu, kila mmoja na ukuta wake, na jioni huwa nawahubiria jinsi sisi tulivyokaa pamoja, tukapendana, tukala sahani moja. Wananisikiliza kwa sikio moja, la pili lina waya. Simu yao inagawa bila kumtazama mtu usoni, na maji siku hizi yanatoka bombani. Lakini mimi bado nahubiri, maana utoto wetu ulikuwa mtamu sana, hasa kwetu tuliobaki tumeketi.